Ankara ya Maji Inapopanda Ghafla: Namna ya Kusoma Dira, Kubaini Chanzo na Kuwasilisha Malalamiko

Na Mwandishi Wetu

Kaya nyingi zilizounganishwa na huduma ya majisafi nchini hupokea ankara kila mwezi, aghalabu kwa ujumbe mfupi wa simu. Kwa miezi mingi kiasi kinachodaiwa hakibadiliki sana, na mteja hulipa bila kujiuliza. Kisha hufika mwezi ambao ankara iliyozoeleka huongezeka mara tatu au nne. Ndani ya nyumba hakuna mtu aliyeongezeka, hakuna bustani mpya wala ujenzi. Neno la kwanza linalowatoka wengi huwa moja: tumebambikiwa.

Huenda ni kweli, na huenda si kweli. Ankara kubwa yaweza kutokana na namba iliyosomwa vibaya, makadirio yaliyolimbikizana, bomba linalovuja chini ya sakafu, boya la tangi lililoharibika au dira yenye hitilafu. Kila chanzo kina namna yake ya kubainika, na kila kimoja kina mtu wa kukishughulikia. Mteja anayefika ofisini akiwa na hasira peke yake huwa na la kusema, lakini anayefika akiwa na namba alizozisoma mwenyewe huwa na la kuthibitisha.

Makala haya yanaeleza jinsi dira ya maji, au mita kama wengi tunavyoiita, inavyofanya kazi; jinsi mteja anavyoweza kupima mwenyewe kabla ya kulalamika; na ngazi za kufuata iwapo hakuridhika na majibu aliyopewa.

Ankara ni tofauti ya namba mbili

Dira haioneshi matumizi ya mwezi. Huonesha jumla ya maji yote yaliyopita ndani yake tangu ilipofungwa. Matumizi ya mwezi hupatikana kwa kutoa usomaji wa mwezi uliopita katika usomaji wa mwezi huu. Kinachobaki ndicho kinachozidishwa kwa bei.

Kipimo kinachotumika ni uniti, yaani mita moja ya ujazo. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Ni vema kila mwanakaya akajua hesabu hiyo, kwa kuwa ndiyo inayogeuza namba za karatasi kuwa maji yanayoweza kuonekana kwa macho.

Tuchukue mfano utakaotuongoza hadi mwisho wa makala haya. Kaya moja ya watu watano imezoea kutumia uniti 12 kwa mwezi. Kwa ajili ya hesabu tu, tuchukulie kuwa bei ni shilingi 1,700 kwa uniti. Ankara yake ni shilingi 20,400. Mwezi huu usomaji uliopita ni 412 na usomaji wa sasa ni 457. Tofauti ni uniti 45, na ankara imefika shilingi 76,500. Ongezeko ni uniti 33, yaani lita 33,000, sawa na ndoo 1,650 ndani ya mwezi mmoja, au ndoo 55 kila siku. Swali la kaya hii linakuwa wazi: je, ndoo 55 za ziada kwa siku zimekwenda wapi, au hazikuwahi kuwapo?

Bei halisi hutofautiana kati ya mamlaka moja na nyingine, na kati ya matumizi ya nyumbani, biashara na taasisi. Kwa Tanzania Bara, bei za mamlaka za maji huidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, iliyoundwa kwa Sheria Sura 414 ya mwaka 2001. Mteja ana haki ya kuiomba mamlaka yake imwoneshe bei iliyoidhinishwa kwa kundi lake na kuilinganisha na ile iliyotumika katika ankara. Baadhi ya mamlaka hutoza bei inayopanda kadiri matumizi yanavyoongezeka, hivyo uniti za juu huwa ghali kuliko zile za mwanzo. Aidha, kwa waliounganishwa na mtandao wa majitaka, tozo ya majitaka hukokotolewa kwa kuzingatia kiasi cha maji yaliyotumika. Dira ikipanda, nayo hupanda.

Jinsi ya kusoma dira

Fungua kifuniko cha dira na ufute kioo kwa kitambaa. Dira nyingi za majumbani huwa na mstari wa tarakimu. Tarakimu nyeusi huhesabu uniti kamili, na hizo ndizo zinazotumika katika ankara. Tarakimu nyekundu, zikiwapo, huhesabu sehemu ya uniti, yaani lita. Dira inayoonesha 00457 kwa rangi nyeusi na 318 kwa nyekundu imepitisha uniti 457 na lita 318.

Katika dira nyingine, sehemu ya lita huoneshwa na vishale vidogo vinavyozunguka ndani ya duara. Duara lenye alama 0.1 huhesabu lita mia mia, lenye 0.01 huhesabu lita kumi kumi, na lenye 0.001 huhesabu lita moja moja. Dira za kidijitali huonesha namba hizo katika kioo, na alama ya nukta hutenganisha uniti na lita.

Kwenye uso wa dira nyingi za kawaida kipo pia kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota au pembetatu. Hicho huzunguka hata kwa mtiririko mdogo sana wa maji. Kazi yake kwa mteja ni moja na ni kubwa: koki zote zikiwa zimefungwa nacho kikaendelea kuzunguka, yapo maji yanayopita.

Jambo la mwisho la kuangalia ni namba ya dira yenyewe, ambayo huchongwa au kuchapwa kwenye mwili wake au kwenye kifuniko. Ilinganishe na namba iliyo kwenye ankara. Katika nyumba za kupanga na maeneo ambako dira kadhaa zimefungwa pamoja, si jambo geni dira mbili kubadilishana wenyewe katika kumbukumbu, jirani mmoja akalipa matumizi ya mwingine kwa miezi kadhaa.

Vyanzo vinne vilivyo nje ya nyumba

Cha kwanza ni makosa ya kusoma au kuandika. Namba 457 ikiandikwa 475, kaya ya mfano wetu itadaiwa uniti 63 badala ya 45. Kosa la aina hii ni rahisi kulibaini: nenda kwenye dira siku hiyo hiyo. Ikiwa dira bado inasoma chini ya namba iliyo kwenye ankara, ankara haiwezi kuwa sahihi, kwa kuwa dira hairudi nyuma. Piga picha inayoonesha tarakimu na namba ya dira kwa pamoja.

Cha pili ni makadirio. Msomaji asipoweza kuifikia dira, kwa sababu geti limefungwa, mbwa hakufungwa au dira imefunikwa na kifusi, mamlaka huweza kukadiria matumizi. Makadirio yakiwa chini ya matumizi halisi, deni hujificha. Kaya inayotumia uniti 12 ikikadiriwa uniti 8 kwa miezi mitatu, uniti 12 hubaki bila kutozwa. Siku dira itakaposomwa, uniti hizo zitaingia pamoja na 12 za mwezi huo na ankara itasoma 24. Hapo maji yametumika kweli, ila yamekuja kwa mkupuo. Mahali ambapo bei hupanda kwa madaraja, mteja ana sababu ya msingi ya kuomba uniti hizo zigawanywe katika miezi zilimotumika, ili asitozwe bei ya daraja la juu kwa kosa lisilo lake. Anaweza pia kuomba kulipa kwa awamu.

Cha tatu ni kubadilishwa kwa dira. Wengi huamini kuwa dira iliyochakaa husoma zaidi. Kwa dira za kawaida zinazozungushwa na maji, mara nyingi hali huwa kinyume chake: zikichakaa huwa nzito, na mtiririko mdogo hupita bila kuhesabiwa. Hivyo dira mpya inapofungwa, ankara huweza kupanda ingawa matumizi hayakubadilika, kwa sababu sasa kila lita inahesabiwa. Hata hivyo, siku ya kubadilisha dira ndiyo siku ya kuwa makini zaidi. Usomaji wa mwisho wa dira ya zamani na usomaji wa kwanza wa dira mpya viandikwe mbele ya mteja, naye abaki na nakala au picha. Bila kumbukumbu hiyo, hakuna anayeweza kuthibitisha ankara ya mwezi huo.

Cha nne ni hewa. Katika maeneo yenye mgao, mabomba hubaki matupu kwa saa au siku kadhaa. Maji yanaporudi husukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo ikipita kwenye dira huweza kuizungusha. Mteja hupunguza tatizo hili kwa kufunga koki zote wakati maji yamekatika, kwa kuwa hewa isiyo na pa kutokea haipiti kwenye dira. Mtaa mzima ukiwa na tatizo hilo, ni busara kuiandikia mamlaka kwa pamoja kupitia ofisi ya Serikali ya Mtaa na kuomba mtandao ukaguliwe, ikiwamo haja ya kufunga valvu za kutolea hewa.

Vyanzo vilivyo ndani ya nyumba

Kwa kawaida, dira na bomba linaloifikia huwa chini ya uangalizi wa mamlaka ya maji, na kila kilichoko baada ya dira ni jukumu la mteja. Maji yanayopotea baada ya kupita kwenye dira huhesabiwa kuwa yametumika, hata kama hakuna aliyeyanywa wala kuyaogea. Hapo ndipo hasara nyingi za kaya hutokea, na nyingi hutokea bila kuonekana.

Koki inayovuja huonekana ndogo. Weka chini yake kikombe cha mililita 250. Kikijaa kwa dakika tano, koki hiyo inapoteza lita 72 kwa siku, zaidi ya uniti 2 kwa mwezi.

Tangi la choo cha kuvuta ni adui mwingine wa kimya. Maji yanayopenya kutoka tangini kuingia kwenye bakuli hayatoi sauti wala hayalowanishi sakafu. Yakipenya lita moja kila dakika tano, hufika lita 288 kwa siku, karibu uniti 9 kwa mwezi. Kipimo chake ni rahisi: tia rangi ya chakula ndani ya tangi la choo, usivute maji kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Rangi ikionekana humo, tangi linavuja.

Tangi la akiba, liwe la juu au la chini ya ardhi, hutegemea boya linalofunga maji likijaa. Boya likiharibika, maji huendelea kuingia na kumwagika kupitia bomba la kufurikia. Bomba hilo likielekezwa kwenye shimo au mfereji, mwenye nyumba hataona kitu hadi ankara ifike.

Bomba lililopasuka chini ya ardhi ndilo lenye gharama kubwa zaidi. Uvujaji wa lita moja tu kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, zaidi ya uniti 43 kwa mwezi. Dalili zake ni sehemu ya uwanja iliyo mbichi wakati wote, majani yanayostawi mahali pamoja msimu wa kiangazi, ukuta wenye unyevu au presha ya maji iliyopungua.

Mwisho ni koki iliyosahauliwa. Maji yanapokatika mchana, mtu hufungua koki, haoni kitu, huondoka bila kuifunga. Maji hurudi usiku wa manane watu wamelala. Ndoo iliyokuwa chini ya koki ya uani hujaa na kufurika hadi alfajiri. Jambo hili likitokea usiku mara tatu au nne ndani ya mwezi, ankara yake haitafanana na ya mwezi uliopita, na kwa kuwa maji yalinyonywa na mchanga, hakuna atakayekumbuka.

Vipimo vitatu vya kufanya nyumbani

Kipimo cha kwanza ni cha usiku. Chagua usiku ambao maji yanatoka, kwa kuwa bomba lisilo na maji halivuji na kipimo hakitakuwa na maana. Hakikisha matangi yote yamejaa au funga koki ya kuingizia maji tangini, funga koki zote na waeleze wanakaya wasitumie maji ya bomba. Andika usomaji, pamoja na lita, saa 4 usiku. Usome tena saa 11 alfajiri.

Turudi kwa kaya yetu. Tuseme saa 4 usiku dira ilisoma uniti 461 na lita 204, na saa 11 alfajiri ikasoma uniti 461 na lita 524. Lita 320 zimepita ndani ya saa saba ambazo hakuna aliyetumia maji. Hiyo ni karibu lita 46 kwa saa, lita 1,100 kwa siku, uniti 33 kwa mwezi. Ongezeko la ankara lilikuwa uniti hizo hizo 33. Kaya hii haina haja ya kubishana na msoma dira. Inamhitaji fundi bomba, tena leo, kwa sababu kila siku inayopita inaongeza ndoo 55 kwenye ankara ijayo.

Kipimo cha pili hutenganisha nyumba na dira. Funga koki iliyo mara tu baada ya dira, kisha tazama kile kigurudumu kidogo. Kikisimama, uvujaji uko ndani ya eneo la mteja. Kikiendelea kuzunguka, ama koki hiyo haifungi sawasawa, ama upo uvujaji kati ya dira na koki, ama dira yenyewe ina hitilafu. Toa taarifa kwa mamlaka, usijaribu kuifungua.

Kipimo cha tatu huangalia usahihi wa dira. Funga matumizi mengine yote, andika usomaji, kisha chota ndoo tano za lita 20 kutoka koki moja na usome tena. Dira inapaswa kuongezeka kwa takribani lita 100. Kumbuka kuwa dumu au ndoo ikijazwa pomoni huweza kubeba zaidi ya lita 20, hivyo tofauti ya lita chache isikushtue. Lakini dira ikionesha lita 130 au 140, una sababu nzuri ya kuomba ipimwe kitaalamu.

Upimaji rasmi wa dira

Kipimo cha ndoo ni dalili, si ushahidi wa mwisho. Dira ni kipimo kinachotumika katika biashara, kama ilivyo mizani ya sokoni au pampu ya kituo cha mafuta. Kwa sababu hiyo iko chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340, inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo. Mteja anayetilia shaka dira yake aiandikie mamlaka ya maji kuomba ipimwe, na aulize mapema utaratibu, gharama na nani atailipa kulingana na matokeo.

Hakuna dira isiyo na mwachano wowote. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa vya OIML R 49, dira ya maji baridi ya daraja la 2, ambalo ndilo la kawaida majumbani, inapoidhinishwa huruhusiwa kukosea kwa asilimia 2 kwa zaidi au pungufu katika mtiririko wa kawaida, na asilimia 5 katika mtiririko mdogo sana. Mwachano wa namna hiyo hauwezi kuifanya ankara ya uniti 12 iwe ya uniti 45. Ankara ikiongezeka maradufu, chanzo ni kikubwa kuliko mwachano wa kawaida wa kipimo, na kinapaswa kutafutwa hadi kipatikane.

Mteja asikate lakiri ya dira, asiigeuze, asiing'oe wala asipitishe bomba kando yake. Kuchezea dira na kujiunganishia maji isivyo halali ni makosa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019. Aliyekuwa na malalamiko ya haki anaweza kujikuta mtuhumiwa kwa sababu ya lakiri iliyokatwa.

Ngazi za malalamiko

Ngazi ya kwanza ni mamlaka ya maji inayokuhudumia. Wasilisha malalamiko kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa. Taja jina na namba ya akaunti, namba ya dira, mwezi unaolalamikiwa, usomaji ulio kwenye ankara, usomaji wako na tarehe yake, matumizi ya miezi iliyotangulia na matokeo ya vipimo ulivyofanya. Ambatisha picha. Omba namba ya malalamiko au nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Katika barua hiyo hiyo, omba mambo mawili: ukaguzi wa dira ukiwapo wewe mwenyewe, na huduma isisitishwe wakati shauri linashughulikiwa. Ili kuonesha nia njema, lipa kiasi usichokibishania, kwa mfano wastani wa miezi iliyopita, na utunze risiti.

Ngazi ya pili, kwa Tanzania Bara, ni EWURA. Mteja asiyeridhika na majibu ya mamlaka yake, au asiyejibiwa, anaweza kufikisha lalamiko EWURA makao makuu jijini Dodoma au katika ofisi za kanda, akiambatisha mawasiliano yote ya awali. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, lipo kwa ajili ya kutetea maslahi ya watumiaji na linaweza kumshauri mwananchi namna ya kuandaa lalamiko lake. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani, akizingatia muda uliowekwa kisheria.

Kwa wananchi wa vijijini wanaohudumiwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, malalamiko huanzia kwa uongozi wa chombo husika na kisha kwa Meneja wa Wilaya wa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA. Kwa upande wa Zanzibar, huduma hutolewa na Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, na udhibiti uko chini ya ZURA.

Malipo yoyote yafanyike kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na mfumo wa Serikali. Msoma dira hakusanyi fedha mkononi. Anayedai fedha taslimu ili "kushusha bili" aripotiwe. Fedha hiyo haitaonekana katika akaunti ya mteja na deni litabaki palepale.

Nyumba za kupanga

Katika nyumba ambamo wapangaji kadhaa hutumia dira moja, ankara kubwa huleta ugomvi kabla ya kufika ofisini. Mwenye familia kubwa hushukiwa, anayefua kila siku husemwa, na aliyehamia mwezi huo hubebeshwa deni la waliotangulia. Mambo matatu hupunguza migogoro hiyo: ankara halisi ioneshwe kwa kila mpangaji badala ya kutangaziwa kiasi tu, usomaji wa dira uandikwe siku mpangaji anapoingia na anapotoka, na uvujaji wa mabomba ya nyumba utengenezwe na mwenye nyumba, kwa kuwa mpangaji halipii ubovu asiousababisha. Inapowezekana, kila chumba au kila sehemu iwe na dira yake ndogo ya ndani, ili kila mmoja alipie alichotumia.

Daftari la dira

Wizara ya Maji imekuwa ikizielekeza mamlaka za maji kumshirikisha mteja wakati wa kusoma dira. Agizo hilo huwa na maana pale tu mteja anapotimiza sehemu yake. Asiyekuwapo nyumbani aache mtu mzima anayejua dira ilipo. Njia ya kuifikia iwe wazi. Na kila usomaji uandikwe pande zote mbili.

Mamlaka kadhaa zimeanza kufunga dira za malipo ya kabla, ambazo mteja hununua uniti kwanza kisha hutumia. Dira hizo huondoa makadirio na ankara za kushtukiza, lakini haziondoi uvujaji. Bomba linalovuja litamaliza uniti zilizonunuliwa kama lilivyokuwa likipandisha ankara, na mteja ataanza kusema uniti zinakimbia.

Kwa hiyo, kwa dira ya aina yoyote, anza daftari. Kila Jumapili, kwa saa ile ile, andika tarehe na usomaji. Kazi hiyo huchukua dakika mbili. Kaya inayotumia uniti 12 kwa mwezi itaona tofauti ya takribani uniti 3 kila wiki. Wiki itakapoonekana uniti 10, mwenye nyumba atajua siku hiyo hiyo kuwa kuna jambo, atafanya kipimo cha usiku na kumwita fundi. Badala ya kulipia uniti 33 zilizopotea, atakuwa amepoteza 7. Na iwapo daftari litaonesha uniti 3 kila wiki huku ankara ikisema 45, atakuwa na kurasa nne za usomaji wenye tarehe za kuweka mezani, mbele ya afisa wa mamlaka au mbele ya EWURA, na ni juu ya mtoa huduma kueleza namba zake zimetoka wapi.